Mama Birika na Mzee wa Kitanda cha Tisa

Wodi ya wanaume ya ghorofa ya pili ilikuwa na vitanda ishirini na viwili, madirisha sita, na feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia. Kila asubuhi, madokta wakiwa bado majumbani na wafagizi wakigombania ndoo, mlango wake ulifunguliwa kwa kishindo cha toroli. Toroli lile lilikuwa na magurudumu manne, matatu mazima na moja kiwete, na aliyelisukuma alilibembeleza kama mtu anavyombembeleza punda mkaidi. Juu yake lilikaa birika la bati, kubwa kama mtoto wa miaka mitatu, mpini umeviringishwa bendeji kuukuu ili usiunguze, na kando yake majagi mawili ya maji na vikombe vya plastiki vya buluu vyenye vishikio. Kwa ajili ya birika hilo watu walimwita mwenyewe Mama Birika. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi ya mshahara.

Alikuwa mjane mfupi, mnene kiasi, mwenye tabia ya kufunika mdomo kwa kiganja anapocheka, kama anayeficha jino bovu, ingawa meno alikuwa nayo yote. Miaka kumi na tisa amesukuma toroli. Shule aliiacha darasa la tatu. Herufi alizifahamu mojamoja, kama majirani wa kusalimiana, ila zikikusanyika zilimtisha. Kwa hiyo majina yaliyoandikwa kwenye kadi za vitandani hayakumsaidia kitu. Na wodi ile ilikuwa ya watu wa kila namna, kwa kuwa hospitali ilikuwa jirani na kituo kikubwa cha malori, na malori huleta watu kama mto uletavyo magogo: madereva, makuli, wachuuzi, watu waliokuwa wanapita tu wakashikwa na homa njiani.

Mama Birika akajitungia njia yake. Mgonjwa mpya akiletwa, alisimama miguuni pa kitanda, akainua jagi la maji usawa wa macho, akauliza, "Kwenu haya mnayaitaje?" Asiyejua Kiswahili aliliona jagi, akaziona nyusi zilizoinuliwa, akaelewa, akajibu. Na neno alilojibu ndilo lililokuwa jina lake mpaka siku ya kuruhusiwa.

"Umeamkaje, Biyo?"

"Wewe Amazi, mbona mkate hukumaliza?"

"Pii, baba, usinifiche. Miguu imevimba tena?"

Walipita mle akina Madzi, akina Moya, akina Mvura, na Wuha mmoja aliyekaa miezi miwili na kuondoka akilia. Kila neno alilitamka vile vile alivyolipokea, na maji aliyaleta kwa neno hilo. Ambao kwao maji ni maji walijiona wameonewa. Aliyezidi kulalamika alikuwa kinyozi wa kitanda cha nane, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akivuta waya wa taa ya kibanda chake, akavunja mguu.

"Wenzangu wote wana majina ya heshima," alisema kinyozi. "Mimi naitwa Maji, kama bomba."

"Bomba lina adabu," Mama Birika alimjibu. "Likifungwa, linanyamaza."

Wengine walimuuliza kwa nini asiulize habari za chai, maana chai ndiyo kazi yake. Aliwaambia chai haina siri. Chai ilisafiri na jina lake mkobani. Huku chai, kule shai, kwingine chayi, kwa wengine te, ni mtu yule yule kabadilisha kofia. "Lakini maji," alisema, "mtu hafundishwi na mwenye duka. Anafundishwa na mama yake."

Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo hakumwambia kila mtu. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Aliugulia mbali, mipaka miwili kutoka nyumbani, na huko huko akafa. Utingo wake aliporudisha mfuko wa nguo alileta na habari: siku tatu za mwisho marehemu alisahau lugha zote za barabarani, akabaki na ya kwao tu. Mfagizi mmoja wa hospitali ile, mwanamke ambaye hata jina lake utingo hakulijua, aliuliza neno la maji, akalishika, na kila alipopita na ufagio wake alilisema akaleta kikombe. Mama Birika alipopewa habari ya kifo aliupokea mfuko, akaanza kuzikunja zile nguo. Aliposikia habari ya kikombe ndipo alipolia. Mwaka uliofuata akapata kazi ya toroli.

Sasa huyo mzee.

Aliletwa siku ya Ijumaa mchana na wasamaria waliomkuta amelala kando ya uzio wa kituo cha malori, mwili unawaka kama pasi. Mfukoni alikuwa na kitana, ufunguo mmoja na kijiko. Karatasi hana, simu hana. Wakamlaza kitanda cha tisa. Kesho yake homa ikashuka, mzee akaketi: mrefu, mkavu, ndevu chache nyeupe, macho ya upole. Dokta wa wodi, kijana mwema lakini mwenye haraka za watu watatu, alimuuliza jina. Mzee akatabasamu. Dokta akamuuliza leo siku gani, hapa ni wapi, ana watoto wangapi. Mzee akatabasamu tena, kisha akasema maneno machache ambayo hapakuwa na aliyeyajua. Dokta akajaribu lugha nyingine mbili alizokuwa nazo. Wapi!

Jumamosi ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama Birika. Jumapili alfajiri alifika miguuni pa kitanda cha tisa, akainua jagi.

"Kwenu haya mnayaitaje, baba?"

Mzee aliliangalia jagi, akamwangalia aliyelishika, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima.

"Maji," akasema. Safi kabisa, kama mtu wa mtaa wa pili.

Hapo ndipo Mama Birika alipokosea, kosa ambalo mwingine yeyote mle wodini asingeweza kulifanya, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye desturi ile. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista.

"Sista, yule mzee Kiswahili anakijua. Kaniambia maji, kama mimi na wewe."

"Una hakika?"

"Kwa masikio yangu haya."

Sista alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi na mambo arobaini kichwani. Akaandika. Dokta alipoyasoma yale alishusha pumzi. Mtu anayejua Kiswahili, anaulizwa jina lake kwa Kiswahili na anatabasamu tu, basi kilichompotea si lugha. Ni akili.

Vikombe vikaja kuongeza kuni motoni. Mzee alipopata nguvu ya kutembea, alianza kupita kwenye vitanda vya wenzake, anaokota vikombe vitupu, anakwenda kuvipanga dirishani. Anavifunika vinne vinne juu ya kitambaa, anasogeza hiki, anageuza kile, anarudi nyuma kuangalia, anageuza tena. Watu walikosa vikombe vyao. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na tatu alipiga kelele kwamba ameibiwa. Kinyozi akasema huyu mzee anajenga nyumba, tumwache amalize, labda atatupangisha chumba. Hata Mama Birika alimkemea, kwa sauti ya upole lakini alimkemea: "Baba, niachie vikombe vyangu. Nitakosea hesabu." Mzee akaviachia, akafuta mikono kwenye shati, akarudi kitandani kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Jumanne dokta aliandika uamuzi. Homa imekwisha, ndugu hawapo, akili imehama, kitanda kinahitajika. Alhamisi saa nne gari lingekuja kumchukua, limpeleke nje ya mji kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili wasio na wenyewe. Mlango wa nyumba ile ulifungwa kwa nje. Watu walisema aliyeingia kule bila jina alizikwa bila jina.

Jumatano alasiri Mama Birika alikuwa anakusanya vyombo vya chai ya mwisho. Dirishani vilikuwa vimepangwa tena, vinne vinne. Akanung'unika kidogo, akapeleka mkono, akavizoa vinne kwa mpigo, akaviweka kwenye beseni. Akazoa vingine vinne. Na vingine. Kazi ya kutafutatafuta, ya kupapasa kila kikombe kimekaa upande gani, siku hiyo hakuifanya, na hakujiuliza kwa nini.

Lifti ilikuwa mbovu tangu enzi, kwa hiyo toroli lilishushwa kwa njia ya mteremko iliyozunguka nyuma ya jengo. Alikuwa katikati ya mteremko alipouangalia mkono wake wa kulia. Akasimama. Toroli halikusimama. Lilimtangulia, likashuka na birika lake likicheza ngoma, likaenda kuugonga ukuta wa chumba cha kufulia.

"Mama Birika! Unataka kutuua?" mfuaji alipiga yowe.

"Vishikio," alisema Mama Birika. "Vyote vimeelekea kulia."

"Nini?"

Hakumjibu. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Vidole vinne, vishikio vinne. Ni nani duniani anayefunika vikombe juu ya kitambaa vinne vinne, vishikio vyote upande mmoja? Mlevi hafanyi hivyo. Mwendawazimu hafanyi. Mke wa mtu jikoni kwake hafanyi, maana hana haraka hiyo. Anayefanya hivyo ni mtu mwenye wateja thelathini wanaogonga meza, mkono mmoja una birika, mwingine lazima uzoe vikombe bila kuangalia. Mzee yule alikuwa mtu wa kazi yake. Siku zote hizi alikuwa anamsaidia, naye anamfukuza.

Kisha likamjia la pili, na hilo lilimkalisha chini pale pale kwenye saruji. Yeye mwenyewe akienda kwa Biyo, husemaje? Husema biyo. Kwa Amazi husema amazi. Mhudumu hachagui neno. Huchukua la yule aliye mbele yake, ndiyo adabu ya birika. Sasa mtu wa birika aliyelala ugenini, ambaye tangu Ijumaa anamsikia kinyozi akiita "Maji! Maji!" mara hamsini kwa siku, akijiwa na mama wa pale pale ameinua jagi, atasemaje? Atasema maji. Hakuwa anajibu swali. Alikuwa anamheshimu.

"Na mimi nikaenda kumsemea kwa Sista," aliuambia mkono wake.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya aliyamwaga yeye, kwa ulimi wake, na aliyekuwa anakwenda kufungiwa mlango ni mwingine.

Alipanda tena ule mteremko bila toroli. Sista alimsikiliza huku anatia sahihi.

"Ngoja nikuelewe, Mama Birika. Umeniletea ushahidi wa vikombe?"

"Ndiyo, Sista."

"Jumapili umeniambia anajua Kiswahili."

"Nilikosea. Anajua neno moja."

"Neno moja." Sista alivua miwani. Hakuwa mkali siku hiyo, alikuwa amechoka. "Mama, karatasi imeshatiwa sahihi tatu. Nikampigie dokta nimwambie nini? Vishikio?"

"Mwambie mimi ndiye niliyekosea."

"Nenda nyumbani, mama. Una siku ndefu tangu saa kumi na moja."

Nyumbani palikuwa chumba na ukumbi, nyuma ya duka la vipuri, alikoishi na bintiye mshonaji wa sare za shule. Jioni ile kulikuwa na rundo la kola kwenye kochi, hakuna pa kukaa. Binti alisikiliza kisa chote, sindano mdomoni.

"Sasa utafanyaje?"

"Kesho nitampa toroli."

"Utampa nani toroli?"

"Mzee. Achukue, ahudumie wodi mbele ya dokta. Mtu akiwa kwenye kazi yake haulizwi jina."

Binti alitoa sindano mdomoni. "Mama, birika la chai ya moto umpe mgonjwa waliyemwandika kichaa? Akimwagia mtu? Watakufukuza kabla ya saa nne na dakika moja."

"Wakinifukuza nitakuja kukushonea vifungo."

"Vifungo vyako vinatoka siku ya pili, mama yangu."

Wakacheka wote wawili, mama kiganja mdomoni. Kisha binti akaanza kupiga pasi aproni ya kazini ya mama yake, ambayo haijawahi kupigwa pasi tangu ishonwe.

Alhamisi, ilipokaribia saa nne, dokta alikuwa kwenye mzunguko wake, amefika kitanda cha tatu, Sista na mafaili nyuma yake. Mlangoni walisimama wanaume wawili wa lile gari, mmoja ameshika karatasi. Mama Birika aliingia na toroli amechelewa, jambo ambalo halijatokea, akalipeleka hadi kitanda cha tisa. Chai hakuijaza, alitia nusu birika, na aliiacha ipoe kidogo, maana onyo la mwanawe lilimwingia. Akaligeuza toroli, mpini ukamwelekea mzee. Akavua aproni, akaiweka juu ya mpini. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama Birika, ondoa toroli njiani," Sista alisema.

"Kidogo tu, Sista."

"Dokta yuko kazini!"

"Na huyu naye yuko kazini. Mwangalieni."

Mzee aliliangalia birika. Akamwangalia mwenye birika. Kisha akashuka kitandani polepole, akakunja mikono ya shati mikunjo miwili miwili, akaenda kwenye sinki akanawa mpaka kwenye viwiko. Akajifunga aproni. Akapangusa mdomo wa birika kwa kitambaa, akagusa bati kwa mgongo wa kidole kupima moto. Halafu akalisukuma toroli, na gurudumu kiwete lilipotaka kumpeleka ukutani alilirudisha kwa nyonga, kama aliyezaliwa nalo.

Kila kazi wodini ikasimama. Hata feni ilisimama, lakini hiyo kwa sababu zake.

Kitanda cha kwanza alimimina chai. Akainua jagi, akasema, "Amazi." Mgonjwa akapokea, macho yamemtoka. Kitanda cha nne: "Biyo." Hakumwaga tone. Kitanda cha sita: "Pii," na akamsogezea mto, maana alikuwa ameona siku zote anavyopata tabu kuketi. Kinyozi alikuwa anasubiri kwa hamu kama mtoto wa mwisho kwenye foleni.

"Maji," mzee alimwambia.

"Hata wewe!" alisema kinyozi. "Nilidhani wewe utaniokoa."

Kitanda cha kumi na moja kulikuwa na kadi nyekundu. Kadi nyekundu maana yake mgonjwa anakwenda kupasuliwa, asipewe kitu kinywani. Hakuna aliyemwambia mzee habari ya kadi; alikuwa amemwona Mama Birika akizipita. Alisimama, akaitazama, akaweka kiganja kifuani akainama kidogo kumwomba radhi yule mgonjwa, akapita. Dokta, aliyekuwa ameshika kalamu hewani muda wote, akaishusha.

Kitanda cha ishirini alikuwapo mtu aliyelazwa asubuhi ile ile. Hapakuwa na mtu aliyekwishamuuliza lolote. Mzee alisimama miguuni pake. Akachukua jagi, akaliinua usawa wa macho, akainua na nyusi.

"Mai," yule mgeni akasema.

"Mai," mzee akarudia, taratibu, akalijaribu mdomoni. Akamimina.

Mmoja wa wale wanaume wa gari alisema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye tuliyetumwa kumchukua?"

Dokta alikwenda mpaka kwenye toroli. Alipofika akanyoosha mkono tu, na mzee akampa kikombe cha chai. Akanywa hapo hapo amesimama. Kisha akamgeukia Sista.

"Nani alisema anajua Kiswahili?"

"Imeandikwa hapa, dokta. Mwandiko wangu."

"Neno ni langu," Mama Birika alisema. "Sista aliandika nilichomwambia. Mimi nilimuuliza, naye akanijibu kwa heshima, nikaidhania heshima ni kujua lugha. Nisamehe, mwanangu. Lakini huyo usimpeleke kule."

Dokta akamrudishia mzee kikombe. Kisha aliichukua ile karatasi mkononi mwa mtu wa gari, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Mpaka Jumatatu," alisema. "Zaidi ya hapo sina uwezo. Mtafutieni mtu anayeongea naye. Akishindwa kusema anatoka wapi, Jumatatu nitarudi kwenye karatasi hii hii."

Wale wa gari wakaondoka mikono mitupu. Mama Birika akamshika mzee mkono, akamrudisha kitandani, akamketisha. Sasa zamu ikawa yake. Akamimina maji kikombeni, akamwinulia.

"Maji," mzee akasema, akitabasamu.

"Hapana, baba." Alitikisa kichwa. Akamgusa kifuani kwa ncha ya kidole. "La kwenu." Mzee hakuelewa. Mama Birika alifikiri, kisha akakunja mkono mmoja mbele ya kifua, akapembeza kitoto kisichokuwapo, na kwa mwingine akajifanya anakinywesha. Kinyozi alitaka kusema neno, akajizuia, pengine kwa mara ya kwanza maishani.

Mzee aliutazama ule mkono unaopembeza.

"Ndiyam," akasema.

Mama Birika akalirudia. Mzee akamsahihisha. Akalirudia tena mpaka likakaa.

Mchana ule hakwenda kula. Alilichukua neno lile kichwani kama mtu anavyochukua ndoo iliyojaa, bila kugeuka kulia wala kushoto, akavuka barabara hadi kituo cha malori. Akaanza lori la kwanza. "Mwanangu, kwenu maji mnayaitaje?" Wengine walidhani anauza dawa. Mmoja alimwambia, "Mama, kwetu maji ni bia." Alipita malori kumi na saba. Malori mawili yalikuwa ya ndugu wa Biyo, moja la ndugu wa Madzi, kote akasalimiwa vizuri kwa kuwa alisalimia kwa neno lao, lakini hilo alilolibeba hakuna aliyelijua. Lori la kumi na nane lilikuwa mwisho kabisa, karibu na uzio, na dereva wake, mnene, mwenye kilemba, alikuwa amekaa kivulini pa tairi anakula mkate.

"Mwanangu, ndiyam," Mama Birika alisema, maana nguvu ya kuuliza swali zima ilikwisha.

Mkate ulisimama njiani. "Nani kakufundisha hilo?"

Dakika kumi baadaye dereva alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha tisa, na mzee alikuwa anaongea. Aliongea kama bomba lililofungwa wiki nzima likafunguliwa. Dereva alisikiliza, akacheka, akapangusa jicho, na mara kwa mara alikumbuka kuwatafsiria waliokuwa wamejaa pale. Mzee ana kibanda cha chai kwenye njia panda, mbali sana, siku tano kwa lori. Miaka thelathini na sita anahudumia madereva, anajua kuwaambia wote, kwa lugha zao, maji, chai, sukari na safari njema, na zaidi ya hapo hajui. Alipanda lori kwenda kumtafuta mdogo wake aliyepotea kwenye kazi za barabara. Homa ikamshika, wakamshusha. Ana mke, ana mabinti wanne, na jina analo, jina refu la kutosha watu watatu. Sista aliliandika lote, akamuuliza dereva kila herufi.

"Jumamosi napakia kurudi upande huo," dereva alisema. "Nitamfikisha mlangoni."

Mama Birika alikuwa amesimama nyuma ya wote. Akamvuta dereva mkono wa shati.

"Mwambie nilimkosea. Mwambie ni mimi niliyesema anajua lugha yetu, ndiyo maana wakataka kumpeleka. Na vikombe, nilimkemea kwa vikombe."

Dereva akatafsiri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajibu maneno machache.

"Anasema vikombe vyako huvipangi vizuri."

Wodi ikaangua kicheko, Mama Birika kiganja mdomoni, machozi yakimtoka. Lakini mzee alikuwa bado hajamaliza. Alichukua jagi kwenye toroli, akasimama mbele yake, akaliinua usawa wa macho, na kwa mkono mwingine akapembeza kitoto kisichokuwapo.

"Anakuuliza wewe," dereva alisema. "Si la hapa wodini. La mama yako."

Miaka kumi na tisa ya kuuliza, na hakuna aliyewahi kumrudishia swali. Kijijini kwao alitoka msichana. Lugha ile aliizungumza na mama yake, na mama yake alipofariki haikuwa na wa kujibizana naye, ikakaa chini kama unga kwenye gunia kuukuu. Hata bintiye hakumfundisha. Alifungua mdomo, neno halikuja. Alilitafuta. Alimuona mama yake ameinama kwenye mtungi na kata mkononi, akausikia mtungi unavyoguguma, na neno likatoka lenyewe.

"Minzi," alisema.

"Minzi," mzee akarudia.

"Si hivyo. Fupisha. Minzi."

"Minzi."

"Hapo hapo."

Mzee alimmiminia kikombe, akakipokeza kwa mikono miwili. Mama Birika akaketi ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo wahudumu wamekatazwa kuketi, akanywa maji yote bila kupumua, na Sista, aliyekuwa amesimama mkabala naye, akavaa miwani yake na kuanza kusoma faili lisilokuwa na kitu ndani.